Nani Analipia Mwendo? Rekodi za Kasoro za Prosesa na Bei ya Viraka Vyake

Kwa miaka mingi tulizoea kwamba kasoro za kompyuta ni kasoro za programu. Programu ina tundu, mdukuzi anapenya, kampuni inatoa sasisho, watu wanaendelea na kazi. Prosesa yenyewe, chipu inayofanya hesabu zote, haikushukiwa na mtu. Leo orodha ya kasoro za prosesa ni ndefu. Nyingi zina majina, nembo na hata tovuti zake, na karibu kila moja imeacha deni: kiraka kinachoziba tundu huku kikila sehemu ya mwendo ambao mnunuzi alishaulipia.

Zifuatazo ni rekodi kumi na tatu za kasoro hizo: iliyoenea zaidi, iliyojificha muda mrefu zaidi, yenye aibu kubwa zaidi na nyinginezo. Zisome zote kwa swali moja kichwani: bili ya marekebisho ilimfikia nani?

1. Iliyogharimu fedha nyingi zaidi: mgawanyo wa Pentium, 1994

Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, alikuwa akichunguza namba tasa pacha. Mwaka 1994 majibu ya kompyuta yake mpya yenye prosesa ya Pentium yakakataa kulingana na ya kompyuta nyingine. Akaondoa sababu moja baada ya nyingine mpaka akabaki na mshukiwa mmoja tu, prosesa. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu sahihi linaanza na 1.3338. Pentium ilitoa 1.3337. Chanzo kilikuwa jedwali la kugawanyia lililochongwa ndani ya chipu, ambamo nafasi tano zilizopaswa kuwa na namba ziliachwa tupu.

Intel ilisema kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Hesabu hiyo haikumtuliza mtu. Mwezi Desemba IBM ilisimamisha mauzo ya kompyuta zake zenye Pentium, na tarehe 20 mwezi huo Intel ikakubali kumbadilishia chipu kila aliyetaka. Januari iliyofuata ikatangaza kwamba imetenga dola milioni 475 kwa gharama hiyo.

Haikuwa kasoro ya usalama, maana hakuna siri iliyoibwa kwa kugawanya namba. Imeingia humu kwa sababu inaonyesha mambo yalivyokuwa kabla ya viraka: chipu ikiwa na kosa, inatolewa na kuwekwa nyingine, na mtengenezaji ndiye anayelipa. Mwishoni mwa 1995 Intel ikatoa Pentium Pro, prosesa iliyokuja na mambo mawili mapya kwa pamoja. Kwanza, iliweza kupokea maikrokodi mpya, yaani maelekezo ya ndani yanayorekebisha tabia ya chipu bila kuibadilisha. Pili, ilitekeleza amri bila kufuata mpangilio wake, tena kwa kubashiri, ili isipoteze muda ikisubiri. Rekodi nyingi zinazofuata zinatokana na mawili hayo. Kubashiri kulizaa kasoro, na uwezo wa kurekebisha kwa mbali ukahamisha gharama kutoka kwa aliyetengeneza kwenda kwa aliyenunua.

2. Silaha fupi zaidi: baiti nne, 1997

Mwaka 1997 ilibainika kwamba programu yoyote, hata isiyo na ruhusa maalumu, ingeweza kuigandisha Pentium kwa amri moja yenye baiti nne: F0 0F C7 C8. Prosesa ilikwama kabisa, na njia pekee ilikuwa kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, mtu mmoja mwenye kinyongo angewakatisha wote kazi.

Waandishi wa mifumo endeshi waliupangua mtego huo kwa ujanja. Walilipanga upya jedwali la dharura la prosesa kwenye kumbukumbu, hivi kwamba amri hiyo ilizua kosa la kawaida kabla ya kufika hatua ya kukwama. Kompyuta ziliendelea na mwendo wake na watumiaji hawakuhisi kitu. Hiki ndicho kiraka cha bei nafuu kuliko vyote katika orodha hii, na viraka vya namna hiyo vimekuwa adimu tangu hapo.

3. Zilizoenea kuliko zote: Meltdown na Spectre, 2018

Prosesa ya kisasa haipendi kukaa bure. Inapofika njia panda ndani ya programu, haingoji kujua njia ipi itafuatwa. Inabashiri na kuanza kazi. Ni kama mama lishe anayemwona mteja wake wa kila asubuhi akiingia, akamtupia chapati kikaangoni kabla hajaagiza. Mteja akisema leo anataka uji, chapati inawekwa kando na hailipiwi, ila kikaango kimeshapata moto, na mwenye kukigusa atajua kilichokuwa kikipikwa. Ndani ya prosesa kazi iliyobashiriwa vibaya inafutwa, lakini data iliyoguswa inabaki katika kache, kumbukumbu ndogo ya haraka. Mdukuzi anapima muda wa kusoma sehemu mbalimbali, na iliyojibu haraka inamwambia siri ilikuwa nini.

Jann Horn, mtafiti wa kundi la Project Zero la Google, aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliwaarifu watengenezaji wa chipu kuhusu kasoro hizi tarehe 1 Juni 2017. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, na kampuni ya Cyberus Technology ya Ujerumani nao waliigundua Meltdown kwa njia zao. Paul Kocher, mtaalamu wa usimbaji fiche, aliifikia Spectre bila kutegemea kazi ya Horn. Siri ilitakiwa kutunzwa hadi 9 Januari 2018. Lakini wanahabari walianza kuunganisha vipande, hasa walipoona mabadiliko makubwa ya ghafla kwenye keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ya Linux, na tarehe 3 Januari mambo yakawekwa hadharani.

Meltdown ilivunja ukuta kati ya programu ya kawaida na keneli. Watafiti wake walisema huenda inagusa karibu kila prosesa ya Intel tangu 1995. Spectre ilikwenda mbali zaidi. Inaidanganya sehemu inayobashiri ili programu nyingine imwage siri zake yenyewe, na iligusa chipu za Intel, AMD na zile za usanifu wa ARM zilizomo ndani ya simu. Kwa kuenea, hakuna kasoro ya prosesa iliyowahi kuikaribia.

Kiraka cha Meltdown kilitenga kabisa kumbukumbu ya keneli na ya programu, hivyo kila programu inapoomba huduma ya mfumo, kompyuta hubadilisha ramani ya kumbukumbu inapoingia na inapotoka. Kwa hiyo kiraka kilekile kilikuwa na bei tofauti kwa kila kazi. Programu inayopiga hesabu peke yake haikuguswa sana, lakini hifadhidata inayosoma diski na mtandao maelfu ya mara kwa sekunde iliumia. Brendan Gregg, mhandisi wa Netflix, alikadiria kwamba mifumo ya kampuni yake ingelipa kati ya asilimia 0.1 na 6, huku majaribio yake ya makusudi yakionyesha kwamba kazi yenye maombi mengi kupita kiasi ingezidiwa vibaya mno. Microsoft ilikiri kwamba wenye Windows 10 kwenye prosesa mpya wasingeona tofauti kubwa, bali wenye Windows 7 na 8 kwenye mashine za 2015 na kurudi nyuma wengi wao wangehisi. Mwenye kompyuta ya zamani, yaani mwenye uwezo mdogo wa kununua mpya, ndiye aliyepelekewa bili kubwa.

4. Viraka vilivyorudishwa haraka zaidi: Januari 2018

Katika mwezi huohuo mmoja viraka viligeuka kuwa habari kuliko kasoro zenyewe. Siku chache baada ya Microsoft kutoa chake, baadhi ya kompyuta zenye prosesa za zamani za AMD zilikataa kuwaka, na usambazaji kwa mashine hizo ukasitishwa. Programu kadhaa za kuzuia virusi zilikuwa zimezoea kuichokonoa keneli kwa njia zisizo rasmi, na ukuta mpya ulipowekwa zikaiangusha kompyuta nzima. Microsoft ikalazimika kuwanyima sasisho wale ambao programu yao ya kuzuia virusi ilikuwa haijathibitishwa kuwa salama.

Intel nayo ilikuwa imetoa maikrokodi dhidi ya aina ya pili ya Spectre. Mashine zenye chipu za Haswell na Broadwell zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe bila kutarajiwa. Tarehe 22 Januari Intel iliwaomba watengenezaji wa kompyuta, watoa huduma za wingu na watumiaji waache kuweka toleo hilo, na mwishoni mwa wiki hiyo Microsoft ikatoa sasisho la dharura ambalo kazi yake pekee ilikuwa kuzima kiraka cha kabla yake. Mafundi waliokesha wakikiweka wakakesha tena wakikitoa.

5. Kiraka kibaya kuliko kasoro yenyewe: Windows 7, 2018

Wahenga walisema aliyeruka majivu amekanyaga moto, na mwaka huo usemi huo ulipata mfano wake. Machi 2018 mtafiti Ulf Frisk wa Sweden alieleza kwamba kiraka cha Meltdown kwa Windows 7 na Windows Server 2008 R2 za biti 64, kilichotolewa Januari, kilikuwa kimekosea biti moja ya ruhusa katika jedwali kuu la ramani ya kumbukumbu. Jedwali lililopaswa kuonwa na keneli peke yake likawa wazi kwa kila programu.

Meltdown katika majaribio ya awali ilisoma hadi kilobaiti 503 kwa sekunde, na ilisoma tu. Tundu jipya liliruhusu kusoma gigabaiti kwa sekunde, na kuandika pia, bila ujanja wowote wa kupima muda. Microsoft ilitoa sasisho la dharura kabla ya mwezi kwisha. Kwa takriban miezi mitatu, aliyekuwa hajaweka kiraka alikuwa salama kuliko aliyetii maelekezo.

6. Wizi wa polepole zaidi: NetSpectre, 2018

Julai 2018 watafiti wa Graz walionyesha kwamba Spectre inaweza kutumiwa kupitia mtandao, bila kuendesha programu yoyote kwenye kompyuta inayolengwa. Mshambuliaji anatuma maombi ya kawaida na kupima ucheleweshaji wa majibu. Kasi yake ilikuwa biti 15 kwa saa, na 60 kwa njia iliyoboreshwa. Kwa biti 15, kuiba kilobaiti moja kunahitaji karibu siku 23. Ukilinganisha na Meltdown, tofauti inakaribia mara bilioni moja.

Kwa mwizi wa kawaida hiyo si biashara. Lakini ufunguo wa usimbaji wenye biti 256 unaingia katika chini ya siku moja kwa mwendo huohuo, na baadhi ya funguo hukaa kwenye seva kwa miezi.

7. Kiraka kilichowafikia watu wengi bila wao kujua: vivinjari

Hatari ya Spectre kwa mtu wa kawaida ilipitia kwenye kivinjari, kwa kuwa ukurasa wa wavuti nao huendesha programu ndani ya kompyuta yako. Shambulio linahitaji saa yenye uwezo wa kupima muda mfupi mno, hivyo watengenezaji wa vivinjari wakaiharibu saa kwa makusudi. Tarehe 4 Januari 2018 Firefox ilipunguza usahihi wa saa inayotumiwa na kurasa hadi mikrosekunde 20. Njia ya kurasa kugawana kumbukumbu kati ya kazi zinazokwenda sambamba, ambayo ingeweza kugeuzwa saa, ikazimwa, na waandishi wa programu waliokuwa wakiitegemea wakaachwa njiani.

Miezi michache baadaye Chrome iliweka kila tovuti katika mchakato wake peke yake. Google ilikadiria kwamba hatua hiyo inaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 aliona kivinjari kikizidi kula RAM, akalaumu Chrome, na hakuambiwa kwamba sehemu ya mzigo huo ilikuwa ada ya kosa la chipu.

8. Kiraka kilichokula mwendo mwingi zaidi: LVI, 2020

Hapa washindani ni wengi. Dhidi ya Retbleed, iliyogunduliwa na Johannes Wikner na Kaveh Razavi wa ETH Zürich mwaka 2022, watafiti wenyewe walipima gharama ya asilimia 14 kwa AMD na 39 kwa Intel. Miezi miwili baadaye mhandisi wa VMware aliripoti kwamba keneli mpya ya Linux yenye kiraka hicho, ikiendeshwa ndani ya mashine pepe, ilishuka kwa hadi asilimia 70 katika baadhi ya vipimo vya hesabu. Agosti 2023 ikaja Downfall ya Daniel Moghimi, iliyokaa chini ya siri kwa karibu mwaka mzima. Ilitokana na amri ya kukusanya data iliyotawanyika kwenye kumbukumbu, na Intel ilikiri kwamba kiraka kingeweza kupunguza mwendo wa baadhi ya kazi kwa hadi asilimia 50.

Taji linabaki kwa LVI ya Machi 2020. Meltdown huvujisha data kutoka kwa mwathirika. LVI huigeuza hila hiyo na kumwingizia mwathirika data ya uongo katika ule muda mfupi wa kubashiri. Waliolengwa hasa ni SGX, vyumba vya siri ambavyo Intel iliviuza kama mahali pa kutunza funguo hata mbele ya mfumo endeshi usioaminika. Ili kujikinga, kikusanyaji cha programu kilitakiwa kuweka amri ya kusimama na kusubiri kila data inaposomwa kutoka kwenye kumbukumbu. Watafiti walikadiria kwamba programu za ndani ya SGX zingekwenda polepole mara 2 hadi 19. Prosesa iliyolazimishwa kusubiri kila mara imerudishwa pale ambapo kubashiri kulibuniwa ili kupakwepa.

9. Ubishi mkali zaidi: nyuzi pacha, 2018 na 2019

Teknolojia ya Hyper-Threading hukifanya kiini kimoja cha prosesa kijitokeze kama viwili, kwa nyuzi mbili za kazi zinazogawana vifaa vilevile. Kugawana huko ndiko kulikozua matatizo. Novemba 2018 Linux 4.20 ilikuwa ikiandaliwa na kinga iliyowashwa moja kwa moja, inayozuia uzi mmoja kuathiri ubashiri wa mwenzake. Baadhi ya kazi zilipungua kwa hadi nusu. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliikataa hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye hofu kiasi hicho huwa ameshazima nyuzi pacha kabisa, hivyo hakuna sababu ya kuwatoza wengine wote. Kinga ikabadilishwa iwe ya kuombwa na programu inayoihitaji.

Wengine walichagua njia ya mkato. Mradi wa OpenBSD ulishazima nyuzi pacha kwenye prosesa za Intel tangu Juni 2018. Mei 2019, zilipotangazwa kasoro za kundi la MDS, ikiwemo ZombieLoad, Google ikazizima kwenye Chrome OS. Apple iliwaachia watumiaji wa Mac waamue wenyewe, ikiwatahadharisha kwamba kinga kamili ingeweza kuwagharimu hadi asilimia 40. Wote walikabili hatari ya aina moja lakini hawakufikia uamuzi mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake kuhusu nani yuko hatarini na mwendo wa nani unaweza kutolewa kafara.

10. Iliyojificha muda mrefu zaidi

Kwa umri Meltdown inaongoza, ikiwa tutahesabu tangu 1995. Lakini Sinkclose ya AMD, iliyotangazwa Agosti 2024 na Enrique Nissim na Krzysztof Okupski wa kampuni ya IOActive, haiko mbali sana: inagusa chipu za tangu 2006, miaka 18. Anayeitumia lazima awe ameshapenya hadi kwenye keneli, ila akifaulu anashuka chini zaidi, mahali ambapo kusafisha diski na kusakinisha mfumo upya hakumwondoi.

Mwanzoni AMD haikuzijumuisha Ryzen za mfululizo wa 3000 katika orodha ya chipu zitakazopewa marekebisho. Ziliongezwa baadaye, lakini nyingine za zamani zaidi hazikupata kitu. Kasoro inaweza kukaa miaka 18, lakini dhamana ya kuirekebisha haidumu hivyo.

11. Yenye aibu kubwa zaidi: ufunguo wa mfano, 2025

Ili prosesa isikubali maikrokodi kutoka kwa kila apitaye, mtengenezaji huitia saini ya kidijitali. AMD ilitumia katika hesabu ya saini hiyo njia ya usimbaji inayohitaji ufunguo, na watafiti wa Google waligundua kwamba ufunguo uliowekwa ndani ya chipu za Zen, kuanzia kizazi cha kwanza hadi angalau cha nne, ulikuwa uleule uliochapishwa kama mfano katika nyaraka za NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwanafunzi yeyote angeweza kuunakili.

Watafiti waliandika maikrokodi yao wenyewe na prosesa ikaipokea. Katika onyesho lao, amri ya kuzalisha namba za nasibu, ambazo usimbaji fiche wote unazitegemea, ilirudisha namba 4 kila ilipoulizwa. Shambulio linahitaji mtu mwenye mamlaka ya juu kwenye mashine, lakini wateja wa wingu walioahidiwa kwamba hata mwenye seva hatagusa data yao walikuwa na haki ya kushtuka.

12. Isiyo na madhara na ile isiyo na kiraka: M1RACLES na GhostWrite

Mei 2021 Hector Martin, aliyekuwa akiihamishia Linux kwenye kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, aliona rejista moja ambayo kila programu inaweza kuisoma na kuiandika. Ina biti mbili tu, lakini programu mbili zikikubaliana zinaweza kuzungumza kupitia hapo kwa zaidi ya megabaiti moja kwa sekunde bila mfumo kujua. Hairuhusu kuiba chochote, na programu mbili ovu ndani ya kompyuta moja zina njia nyingine tele za kunong'onezana. Martin aliitengenezea jina, tovuti na video kwa sababu nyingine: kuonyesha jinsi nembo nzuri inavyoweza kukuza jambo dogo. Haiwezi kurekebishwa kwenye chipu iliyokwishatengenezwa, na hakuna anayelia.

GhostWrite ni kinyume chake. Mwaka 2024 watafiti wa CISPA, Ujerumani, walionyesha kwamba kwenye chipu ya XuanTie C910 ya kampuni ya T-Head ya China, yenye usanifu wa RISC-V, amri fulani za vekta zinaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu halisi, zikipita kando ya kinga zote. Hakuna kubashiri wala kupima muda, ni kosa la usanifu tupu. Kinga pekee ni kuzima sehemu yote ya vekta, na hapo karibu nusu ya amri za prosesa zinakwenda nayo. Mnunuzi anabaki na chipu aliyoilipia nzima na kuruhusiwa kutumia nusu.

13. Waliopona kwa unyonge wao, na kiraka kilichoanza kuvuliwa

Mwaka 2018, wakati seva za mamilioni ya dola zikihangaika, Raspberry Pi za matoleo yote ya wakati huo zilikuwa salama dhidi ya Meltdown na Spectre. Muasisi wake, Eben Upton, alieleza sababu: prosesa zake ni rahisi mno kiasi kwamba hazibashiri kwa namna ambayo mashambulio hayo yanaihitaji. Mwaka uliofuata Raspberry Pi 4 ikaja na prosesa yenye kasi zaidi, na kinga hiyo ikaishia hapo.

Kwa upande mwingine, mwaka 2025 Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, walikubaliana na Intel kuondoa kinga za Spectre katika programu inayoendesha hesabu kwenye vichakata picha vya Intel. Hoja yao ilikuwa kwamba keneli tayari inalinda eneo hilo, na faida iliyotarajiwa ilifika asilimia 20. Ni mfano adimu wa watu waliorudi kukagua kiraka cha zamani na kuuliza kama bado kina kazi.

Jinsi ya kuzisoma asilimia hizi

Kila asilimia iliyotajwa hapo juu ilipimwa kwenye kazi fulani, na kazi hiyo huenda si yako. "Hadi asilimia 50" inaweza kuwa sifuri kwa anayeandika barua na kutazama video, ikawa hasara ya kweli kwa anayekodisha seva na kulipa kwa saa. Mwenye hifadhidata apime kabla na baada ya sasisho kwa kazi yake mwenyewe, na kwenye Linux aangalie saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, ambayo inaorodhesha kila kasoro na kinga iliyowashwa. Ushauri unaosambaa wa kuzima kinga zote ili kompyuta iongeze kasi unaweza kumfaa mwenye mashine ya majaribio isiyoguswa na mtu mwingine wala kufungua kurasa za wavuti. Anayefanya miamala ya benki kwenye kivinjari asiufuate.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hii ina uzito wake. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo na Nairobi zilishatumika Ulaya au Ghuba kabla ya kufika, na nyingine zina prosesa za umri ambao Microsoft ilionya mapema kwamba zingehisi mzigo. Windows 11 haizikubali rasmi karibu chipu zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mnunuzi anayeuliza ukubwa wa RAM na diski aongeze maswali mawili: prosesa ni ya kizazi gani, na mtengenezaji bado anaitolea maikrokodi? Akijibiwa kwamba masasisho yalishakoma, hiyo ni sababu ya kudai punguzo la bei.